Mwalimu anapotumia likizo yake darasani Maseno

Matatu ikishapita Kisian inaanza kupanda, na joto la Kisumu linabaki nyuma. Maseno iko umbali wa kilomita 25 hivi kutoka mjini, kwenye barabara ya Busia. Mstari wa ikweta unapita papo hapo. Wageni hushuka kupiga picha kwenye bango lake. Wenyeji hata hawaligeukii.

Shule zinapofungwa, Chuo Kikuu cha Maseno hupokea wanafunzi ambao si vijana. Ni walimu. Hushuka stejini na begi la nguo na simu isiyonyamaza, kwa sababu nyumbani kuna mtu ameugua, au gesi imekwisha.

Desemba hii mmoja wao ni mama wa watoto watatu, mwalimu wa Gredi ya Tatu, anayesomea shahada ya uzamili katika elimu ya mahitaji maalumu. Watoto wako kwa nyanya yao tangu shule zifungwe. Kila jioni kitinda mimba anauliza swali lile lile: mama, unarudi lini?

Karo inatoka kwenye mshahara ambao tayari unakatwa mkopo wa sacco. Na cheti hicho pekee hakimpandishi mwalimu cheo siku hizi. Ukimuuliza kwa nini basi anajitesa, anakusimulia kuhusu mvulana mmoja.

Mvulana huyo alikaa nyuma darasani. Ukimwita haitiki, ukisoma imla anaandika mengine. Walimu walimwona mkaidi. Mamake alishaambiwa kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa, naye akakubali shingo upande. Ilikuwa likizo ya Agosti, katika kipindi cha ulemavu wa kusikia, mwalimu alipokumbuka jinsi mtoto yule alivyozoea kugeuza kichwa upande mmoja, na pamba aliyokuja nayo sikioni.

Shule zilipofunguliwa alimwita mama. Sikio lilikuwa likitoa usaha tangu utotoni.

Wazazi wengi huliona hilo kama jambo dogo, wengine hutia mafuta na kungoja. Lakini usaha unaojirudia ni dalili kwamba huenda ngoma ya sikio imetoboka, na usipotibiwa mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kusikia. Mahali pake ni hospitali. Mvulana alitibiwa, kisha akapelekwa kwenye kituo cha tathmini ya elimu. Vituo hivi vilianza 1984, na kazi yake ni kumpima mtoto na kushauri asome wapi na kwa msaada gani. Mzazi akiuliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yake ataelekezwa. Huyu hakuhitaji shule maalumu. Alihitaji dawati la mbele, sikio zima likimwelekea mwalimu.

Masomo ya likizo yana kasoro yake. Maseno kuna shule ya viziwi, lakini walimu hawa wanapofika watoto wamekwenda nyumbani. Kwa hiyo mengi wanayofundishwa huyajaribu wakirudi kwenye madarasa yao. Baadaye inakuja tasnifu: kibali cha utafiti, kukusanya data, kuandika usiku baada ya kusahihisha madaftari. Hapo wengi hukwama, na si kwa uvivu.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu. Katika shule ya mvulana huyu, haki hiyo ilimngoja mwalimu aliyejilipia karo na kuwanyima wanawe likizo. Serikali ingeweza angalau kuchangia karo hiyo.

Mitihani itaisha siku mbili kabla ya Krismasi. Nyanya ameagiza ndizi za Maseno. Januari mvulana ataingia Gredi ya Nne, kwa mwalimu mwingine asiyejua lolote kuhusu sikio lile. Barua ya kumweleza imeshaandikwa, imekunjwa ndani ya daftari la takwimu.