Mwenye Kulijua Jani

Baba yangu alilima tumbaku huko Urambo, mkoani Tabora, kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini hakupata hata mara moja kumwona mtu aliyevuta tumbaku yake. Alilijua jani tangu lilipokuwa mbegu ndogo kama chembe ya vumbi mpaka lilipofungwa ndani ya robota. Baada ya hapo jani lilipanda lori, likaenda zake. Kilichorudi ni fedha, na kiasi cha fedha hizo kilitegemea neno la mtu mmoja tu: mteuzi. Siku ya soko mteuzi alipita kati ya marobota, akachomoa jani moja, akalitazama kwa muda usiotosha mtu kupiga chafya, akataja daraja. Mkulima aliitikia, akaondoka.

Katika makala haya nataka kusimulia habari za biri moja iliyotoka Kuba ikafika nyumbani kwetu mwaka 1978, pamoja na mambo tuliyojifunza kwayo. Biri ninayoitaja ni ile sigara nene isokotwayo kwa majani matupu, isiyo na karatasi wala kichungi. Watu wengi wakisikia neno utamaduni huwaza ngoma, mavazi na mashairi. Hawakosei. Lakini ujuzi wa kazi nao ni utamaduni; na katika ujuzi huo, sehemu ambayo wenyewe huipoteza upesi zaidi ni uwezo wa kukadiria ubora wa kitu walichokitengeneza kwa mikono yao.

Mwaka huo, kuanzia tarehe 28 Julai mpaka tarehe 5 Agosti, lilifanyika mjini Havana Tamasha la Kumi na Moja la Vijana na Wanafunzi wa Dunia. Nilikuwa mwalimu kijana, nami nikabahatika kuwa miongoni mwa waliohudhuria. Kuba halikuwa jina geni kwetu siku hizo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameizuru nchi hiyo mwaka 1974, naye Fidel Castro alikuwa amekuja Tanzania mwezi Machi 1977. Basi asubuhi moja wenyeji wetu walitupeleka kuona kiwanda cha biri.

Nilitazamia kuona mashine. Badala yake niliona chumba kirefu kilichopangwa meza kwa safu, mfano wa darasa. Wanawake kwa wanaume waliketi mbele ya vibao vya mbao, kila mmoja na kisu chake kipana kisichokuwa na mpini, wakikata na kusokota majani kwa vidole. Mbele ya wote, juu ya jukwaa, aliketi mtu mmoja ambaye hakusokota chochote. Alikuwa akisoma gazeti kwa sauti. Alipomaliza habari iliyowapendeza, wasokotaji waligonga vibao vyao kwa ubapa wa visu, na chumba kizima kikalia kama mvua juu ya bati.

Nilimwuliza mkalimani maana ya jambo lile. Akanieleza kwamba desturi ya kuwasomea wasokotaji ilianza mjini Havana mwaka 1865, katika kiwanda kilichoitwa El Fígaro. Wafanyakazi wenyewe walichanga fedha za kumlipa msomaji. Serikali ya kikoloni ya Hispania iliogopa watu wanaofanya kazi huku wakisikiliza vitabu, na mwaka 1866 ikapiga marufuku usomaji huo. Lakini baadaye desturi ilifufuka, ikaendelea. Magazeti husomwa kwanza, kisha riwaya, na riwaya huchaguliwa kwa kura ya wasokotaji. Ndiyo sababu biri nyingine mashuhuri zina majina yatokayo vitabuni: Romeo y Julieta kutoka kwa Shakespeare, na Montecristo, iliyoanza mwaka 1935, kutoka katika riwaya ya Alexandre Dumas. Mwaka 2012 Kuba iliutangaza usomaji huo kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa taifa.

Mzee mmoja msokotaji aliposikia kwamba mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku, alinisogezea kigoda. Alichambua biri isiyokwisha na kunionyesha kuwa ina sehemu tatu: jani la nje, ambalo ndilo vazi lake, jani la kati, ambalo hushikilia umbo, na moyo wa ndani. Moyo huo huchanganywa majani yaliyotoka urefu mbalimbali wa shina. Majani ya chini ni mepesi na huifanya biri iwake vizuri. Ya katikati huleta harufu. Ya juu kabisa, yaliyopata jua jingi, huleta ukali. Jani la nje hulimwa chini ya kivuli cha vitambaa ili jua lisilikaze wala kulitia makunyanzi. Mashamba yaliyo bora kuliko yote yako magharibi mwa kisiwa, mkoani Pinar del Río, mahali paitwapo Vuelta Abajo. Huko jani halikaushwi kwa moto kama letu la Urambo, ambalo hukaa ndani ya bani kwa muda wa wiki moja hivi. Hutungikwa juu ya fito, likakauka kwa hewa kwa siku hamsini hivi; kisha hupangwa malundo likachacha kwa joto lake lenyewe, na baadaye huwekwa likomae kwa miezi mingi, mengine kwa miaka.

Kisha alinifundisha jinsi ya kuipima biri. Mtihani wa kwanza ni wa macho: jani la nje liwe na rangi moja, mishipa yake iwe membamba, na ling'ae kidogo kwa mafuta yake ya asili. Wa pili ni wa vidole: ibonyezwe taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, isiwe na fundo gumu wala pengo laini. Penye fundo moshi hautapita. Penye pengo moto utakwenda mbio. Wa tatu ni wa pua, kabla ya kuwasha. Wa nne ni wa moto wenyewe. Kichwa chake hukatwa kwa kisu kikali, kisha huwashwa polepole kwa kibiriti au kijiti, si kwa kiberiti cha petroli, maana harufu ya petroli huingia ndani. Moshi hauvutwi kifuani. Hushikwa mdomoni, ukaonjwa, ukatolewa. Atakayevuta kwa pupa huiunguza; inatosha mara moja hivi kwa kila dakika. Biri njema huwaka sawasawa pande zote, majivu yake husimama bila kupukutika, na ladha yake haibaki ile ile: hubadilika mwanzo, katikati na mwisho.

Kwa bahati mbaya mimi nilikuwa nimezoea kuona sigara tu. Niliupeleka moshi kifuani kwa nguvu zote. Nilikohoa hata machozi yakanitoka, na safu nzima ya wasokotaji wakanigongea visu. Yule mzee alicheka pamoja nao, kisha akanipa biri moja ambayo haikuwashwa. Akasema nimpelekee mkulima.

Niliisafirisha ndani ya mkebe, pamoja na kitambaa chenye unyevu kidogo, kama nilivyoagizwa, maana biri ikikauka hupasuka, na ikilowa huota ukungu. Nilifika Urambo kwa garimoshi, nikamkabidhi baba mkebe mbele ya wazee wawili jirani. Sikumweleza chochote, kwa kuwa nilitaka kuona atakavyofanya.

Baba hakuomba moto. Aliitoa biri, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Akaibonyeza kwa ncha za vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaisogeza sikioni, akaiviringisha, akasikiliza kama inalia. Kisha akainusa kwa muda mrefu, akafumba macho.

"Jani hili halikuona moto," alisema. "Limelala sana. Lina harufu ya mzinga uliokwisha kutolewa asali. Tena mwanangu, humu ndani hamna jani moja. Kuna la chini na kuna la juu."

Mwili ulinisisimka. Mambo ambayo mimi nilifundishwa asubuhi nzima kwa msaada wa mkalimani, baba aliyatambua akiwa ameketi kwenye kigoda chake, kwa vidole na pua. Jioni waliiwasha kwa kijiti cha mekoni, wakapokezana, wazee watatu. Majivu yalisimama marefu kama pingili ya kidole. Walibishana juu ya ladha yake kama watu wanaobishana juu ya pombe ya harusi: huyu akasema mwanzo wake ni mtamu, yule akasema katikati mna pilipili, baba akasema mwisho wake ni uchungu wa mtu mzima. Iliposalia fupi waliiweka chini, ikazimika yenyewe.

Ndipo baba akaniuliza, "Huyo aliyeisokota, huionja?"

Nikamjibu kwamba huionja, na kwamba kiwandani wako watu ambao kazi yao ni kuonja na kupima: jinsi moshi unavyopita, jinsi moto unavyokwenda, ukali, harufu na ladha.

Baba akasema, "Basi yeye anajua anachokiuza." Hakuongeza neno, naye akaingia ndani kulala.

Maneno hayo yalinisumbua. Baba alilijua jani kuliko watu wengi waliolinunua, lakini ujuzi wake ulikomea mlangoni mwa banda la soko. Sababu haikuwa ujinga. Sababu ilikuwa kwamba lugha ya madaraja, zile herufi na tarakimu zilizoonyesha jani limetoka wapi katika shina, lina rangi gani na ubora gani, ilikuwa lugha ya mteuzi. Mkulima alikuwa na ujuzi, lakini hakuwa na majina ya kuutajia.

Msimu uliofuata, mwaka 1979, nilipokuwa likizoni, nilikumbuka yule msomaji wa Havana. Watu walipokuwa wakichambua majani bandani, niliketi juu ya gunia nikawasomea. Nilianza na gazeti la Uhuru, hata kama lilikuwa la siku nyingi, kwa kuwa kila mtu alitaka habari za vita vya Kagera. Gazeti lilipokwisha, nilifungua kijitabu cha madaraja ya tumbaku. Nilisoma maelezo ya daraja moja, akina mama waliinua majani, tukajadiliana, nikasoma tena. Katika muda wa wiki mbili hivi watu ambao hawakuwahi kukaa darasani isipokuwa katika masomo ya kisomo walikuwa wakitaja madaraja kama wanavyotaja majina ya watoto wao. Baba alinunua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aliandika daraja alilolipa robota yeye mwenyewe. Upande wa pili aliuacha wazi, kwa ajili ya daraja la sokoni.

Siku ya soko alipeleka marobota matano. Matatu yaliteremshwa chini ya daraja alilokuwa ameliandika. Kwa mara ya kwanza nilimsikia baba akisema, kwa sauti ya upole, "Bwana Mteuzi, tafadhali tulifungue, utazame na katikati." Watu walinyamaza. Mteuzi alikunja uso, lakini akafungua. Robota la kwanza alilirudisha juu. La pili pia. Katika la tatu alichomoa majani machache yenye rangi ya kijani, akampa baba mkononi. Baba aliyatazama, akasema, "Hapa umesema kweli," akaandika katika daftari lake. Nadhani siku hiyo wote wawili walipata heshima ambayo hawakuwa nayo asubuhi.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili kukusifia tumbaku. Nami nikiwa mwalimu, sina budi kusema wazi. Hata moshi usiovutwa kifuani huleta saratani ya kinywa na ya koo, na biri ina sumu ile ile ya nikotini inayomfunga mvutaji. Fidel Castro mwenyewe, ambaye picha zake za ujanani hazikosi biri, aliacha kuvuta mwaka 1985. Na sisi tuliokulia mabanini twajua gharama nyingine: watoto wanaotapika kwa kuchuma majani yenye umande, na miombo inayoteketea kuwa kuni. Kuujua ubora wa kitu ni pamoja na kuyajua madhara yake. Anayetaja sifa tu bado hajakipima. Mimi sikuvuta tena tangu siku ile ya Havana.

Ninachokililia ni ule ujuzi. Mkulima wa kahawa asiyeonja kahawa, mchongaji anayengoja mtalii amwambie kama kinyago ni kizuri, mwanafunzi anayepokea alama ya insha bila kujua kwa nini ni hiyo: wote wamesimama pale aliposimama baba kabla ya 1979. Kwa hiyo katika miaka yangu ya kufundisha nilikuwa na desturi moja. Kabla ya kukusanya insha, nilimwagiza kila mwanafunzi apige mstari chini ya ukurasa, aandike upande wa kushoto alama anayojipa, na sababu yake. Upande wa kulia niliandika mimi. Mara nyingi tulitofautiana. Mara nyingine mwanafunzi aliinua mkono, akaniomba kwa adabu nifungue robota nitazame katikati, nami nilifungua.