Mkono wa Kwanza

Msomaji, ukinywa kikombe cha kahawa, huwezi kujua ni mikono mingapi iliyoishika kabla ya mkono wako. Mimi naujua mmoja, nao ni mkono wa mama yangu. Kwa kuwa mikono ya mwisho husifiwa sana, na ule wa kwanza husahauliwa, niwie radhi nikueleze habari zake.

Kwetu ni Nyeri, penye udongo mwekundu na mvua za misimu miwili. Babu alipanda mibuni yake mwaka 1958. Kahawa ilikuwa imefika nchini zamani, kwani mapadre waliipanda Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Lakini kwa miaka mingi ya utawala wa kikoloni Waafrika wengi walizuiwa kuilima, wakawa vibarua wa kuichuma katika mashamba ya walowezi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua mlango, babu alichimba mashimo 200 kwa jembe lake mwenyewe. Alisema kwamba mti ambao mtu amekatazwa kuupanda hauwezi kuwa mti wa bure.

Faida yake aliiona. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil; kahawa ikaadimika duniani, na kufikia mwaka 1977 bei ilikuwa imepanda ajabu. Babu hakupata kuiona Brazil hata katika ramani, lakini nyumba yetu iliezekwa mabati kwa sababu ya baridi ya huko. Kisha mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawia kila nchi kiasi chake cha kuuza yalivunjika, na bei zikaporomoka. Basi mkulima wa zao la ng'ambo ni kama mtu aliyefungwa kamba ndefu, ambayo ncha yake ya pili imeshikwa na mtu asiyemjua. Kamba ile ile iliyotuinua ndiyo iliyotushusha.

Nami nalikuwa mvulana niliyedhani kwamba kazi ya kahawa huishia kwenye mizani. Siku moja ya Desemba mwaka 2000 mama alinituma nichume mistari miwili. Nalitaka kuwahi mpira, kwa hiyo nilichuma buni nyekundu na mbichi pamoja, nikazificha zile mbichi chini ya gunia ili nipate uzito. Sikukumbuka kwamba kiwandani kila mtu humwaga buni zake chini na kuzichambua kabla ya kupima. Gunia lilipomwagwa, ubichi wangu ulionekana na wote. Mama hakunikemea. Alipiga magoti, akaziokota moja moja, hata jua likatua, nasi tukawa wa mwisho mbele ya karani. Njiani aliniambia, "Mwanangu, ulichoficha hapa kitafichuka mbele. Na kitakapofichuka hawatauliza jina lako. Watasema kahawa ya kijiji kizima ni mbovu."

Maneno hayo yalinifanya niifuate kahawa kwa macho na kwa maswali. Buni haifai kulala na ganda lake, kwa hiyo mashine hulimenya jioni ile ile. Punje hulazwa katika matangi mpaka utelezi wake ulegee, kisha huoshwa kwa maji safi, nzito zikazama na nyepesi zikaelea, ndipo hutengwa. Baadaye hutandazwa juu ya meza za wavu kwa muda wa kama wiki mbili; mvua ikinusa, wafanyakazi hukimbia kuzifunika kama mama anavyomfunika mtoto. Zikikauka hupelekwa kukobolewa, zikapangwa kwa ukubwa: AA, AB na madaraja mengine, na ile punje ya mviringo iliyozaliwa peke yake huitwa PB. Waonjaji huionja na kuitema. Kisha huuzwa mnadani Nairobi, hushuka Mombasa, huvuka bahari, na kukaangwa Ujerumani, Marekani na kwingineko. Kilo moja ya kahawa safi hutoka katika kilo kama 7 za buni alizochuma mama.

Nikaona kwamba mikono hiyo haikuwa ya wavivu. Mwenye lori anataka mafuta, mkoboaji anataka umeme, muonjaji anauza ujuzi wa miaka mingi. Kila mmoja ana haki ya ujira. Taabu ni kwamba kila mmoja hujilipa anapoipitisha, na mkono wa kwanza hungoja mpaka wote wameshiba.

Mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha tatu, nilirudishwa nyumbani kwa karo. Mama alikuwa amepeleka kilo 612, na miezi saba ilikuwa imepita bila malipo. Yalipofika, ilikuwa shilingi 9 kwa kilo, yaani shilingi 5,508. Ikakatwa shilingi 3,100 ya mbolea ya mkopo, zikabaki shilingi 2,408. Hazikutosha hata nusu ya karo. Mama aliuza mtamba wake wa pekee, nikarudi darasani.

Kabla sijaondoka nilimwuliza kwa hasira, "Mama, ni nani aliyetuibia?"

Akanijibu, "Labda yuko mwizi, labda hayuko. Linaloniumiza ni kwamba sina njia ya kujua. Karatasi hii inaniambia nilichopata. Haisemi kahawa yangu iliuzwa kwa ngapi, wala ni nani waliokula njiani."

Msomaji, nimesoma vitabu kadhaa vya uchumi tangu siku ile, wala sijaona maneno yaliyolieleza jambo hili kwa uwazi kuliko hayo. Mkulima huvumilia bei ndogo kama avumiliavyo ukame. Asichoweza kuvumilia ni giza. Afadhali njaa unayoijua chanzo chake.

Likizo iliyofuata mama alinikabidhi shoka. Majirani walikuwa wamekwisha kung'oa mibuni yao, wengine wakapanda majani ya ng'ombe, wengine mahindi. Tulikata miti 160 ya babu. Tulipofika mstari wa mwisho mama alishika mpini, akasema, "Hii iache." Hakutoa sababu. Ikabaki miti 40. Huko Kiambu mashamba makubwa ya kahawa yaligeuzwa mitaa ya nyumba. Nchi iliyotoa zaidi ya tani 120,000 katika msimu wa 1987/88 haikufikia nusu ya hizo miaka ya hivi karibuni. Ukisikia kwamba zao la taifa limepungua, usidhani ni udongo uliochoka. Mara nyingi ni watu waliochoka kungoja.

Mambo yamebadilika kiasi. Mwaka 2023 ulianzishwa utaratibu wa kupitisha fedha za mnada benki, ili kila anayestahili apewe sehemu yake moja kwa moja. Februari 2025 bei katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, kiasi kisichopata kufikiwa kabla. Majirani walikuja kuitazama miti yetu 40 kama watu watazamao kaburi la ndugu. Wangependa kupanda tena; lakini mbuni huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na hapana ajuaye bei ya mwaka huo. Shoka hufanya kazi kwa siku moja. Mti haujui haraka.

Mwaka jana nilimkaangia mama kahawa ya shamba lake mwenyewe, kwa maana maisha yake yote amekunywa chai. Aliionja, akanyamaza, akaongeza sukari. "Ndiyo hii?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba ndiyo hiyo.

Nawe, msomaji, siku moja utakuwa karani wa mizani, au dereva, au mhasibu wa chama cha ushirika, au mtunga sheria. Utaishika kahawa ya watu, au chai yao, au parachichi zao, kwa kitambo kidogo tu, kisha utampa mwingine. Chukua ujira wako, maana ni halali yako. Lakini andika wazi ulichopokea na ulichotoa, kwa hati ambayo mama yangu anaweza kuisoma. Na ukishawishika kuficha buni mbichi chini ya gunia, kumbuka kwamba yuko mtu atakayepiga magoti kuziokota, na huenda mtu huyo akawa ni mama yako.