Tembe Tatu

Binamu yangu hajui sauti ya mama yake. Mama mdogo alifariki siku aliyomzaa, kwenye zahanati moja huko Kwale, 2003. Mtoto akalia vizuri, kondo la nyuma likatoka, vigelegele vikaanza. Damu ikakataa kukatika. Nyanya husimulia hadi hapo, kisha husema, "Siku yake ilikuwa imefika."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sasa nakula kwa kuandika chochote kinacholipwa: mbolea, bima, rangi za nyumba. Mwaka jana nikapewa makala kuhusu uzazi. Kumbe hiyo "siku" ina maelezo. Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi unafaa kujikaza na kuibana mishipa pale kondo lilipokuwa limeshika. Usipojikaza, mishipa hubaki wazi na mama anaweza kuisha ndani ya saa chache.

Dawa ya kwanza ni sindano ya oksitosini. Hiyo inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, na mtu aliyefunzwa kudunga. Stima zikipotea siku kadhaa, sindano inaweza kuwepo lakini nguvu imepungua. Isipopatikana, Shirika la Afya Duniani linapendekeza misoprostoli ya kumeza: mikrogramu 400 au 600, yaani tembe mbili au tatu za 200. Humezwa mtoto akishatoka, na baada ya kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki ndani. Kabla ya hapo ni hatari. Mama anaweza kutetemeka na joto kupanda, halafu hutulia. Friji haihitajiki.

Sasa mbona hatuzijui? Tunazijua, ila kwa sifa nyingine. Nilipouliza kwenye duka la dawa mtaani kwetu Nairobi, jamaa aliangalia tumbo langu kwanza, kisha mlango.

"Sista, hizo za kutoa mimba hatuuzi."

"Nauliza za mama aliyejifungua."

Akacheka. "Wote husema hivyo."

Si uongo, tembe hizo hutoa mimba pia. Na mwanzoni zilitengenezewa vidonda vya tumbo. Dawa ni moja, kazi ni tatu, lakini sisi tumeshika ile moja ya kunong'onezana. Hata mimi, niliyekuwa naandika tu, nilijikuta nikishusha sauti. Sasa mwenye mimba ya miezi minane, mama mkwe akiwa kando yake kwenye benchi, ataulizaje?

Binamu yangu bado anaishi Kwale, na mimba yake ina miezi saba. Tuliandika maswali pamoja kwenye simu. Oksitosini ipo? Friji inafanya kazi? Ikikosekana, misoprostoli ipo, na ni nani atanipa? Juzi alimsomea muuguzi yote matatu, kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Muuguzi akanyamaza kidogo, akachukua funguo, akaenda kufungua kabati.