Ostrakodi: Data Iliyohifadhiwa Chini ya Ziwa

Leo tuweke kando habari za simu na kompyuta, tumzungumzie mnyama ambaye pengine hujawahi kumsikia: ostrakodi. Ni wa jamii ya kaa na kamba, ila wale wa maji baridi wengi hawazidi milimita 3. Mwili wake hukaa ndani ya magamba mawili ya chokaa, kama chaza. Akifa, mwili huoza lakini magamba yanaweza kubaki kwenye tope maelfu ya miaka.

Wataalamu huchomoa tope hilo kwa bomba na kulisoma tabaka kwa tabaka. Kila spishi ina maji yanayoifaa, kwa hiyo ukizitambua utajua ziwa lilipojaa na lilipokauka likazidi chumvi. Hapa kwetu, Andrew Cohen alichunguza ostrakodi wa Ziwa Turkana miaka ya 1980.

Mimi ni mwandishi wa programu, kwa hiyo swali likanijia: je, kompyuta inaweza kuwaainisha kwa picha? Spishi za maji baridi zinazojulikana zimepita 2,000. Tena anayeainisha walio hai hutazama hata miguu, ambayo kwenye tope haipo. Hubaki umbo la gamba, bawaba yake na alama za misuli.

Halafu kuna rekodi rudufu. Ostrakodi hujivua gamba mara 8 hivi kabla ya kukomaa, basi mmoja tu anaweza kuacha magamba mengi ya ukubwa tofauti. Usiyafute! Ukikuta ya ukubwa mmoja tu, huenda mkondo wa maji uliyachambua na kuyaleta kutoka kwingine.

Lakini kilichonivutia zaidi ni Cyprideis torosa, anayeishi kwenye maji ya chumvichumvi. Chumvi ikipungua sana, gamba lake huweza kuota vinundu. Mwaka 1977 Rosenfeld na Vesper walionyesha kwamba hata vitundu vya gamba hilo hubadilika: chumvi ikiwa kidogo vingi huwa vya mviringo, ikizidi vinapoteza umbo hilo. Spishi ni ile ile, sura ni tofauti. Kinachomsumbua mwainishaji ndicho kinachompa mwanahistoria wa ziwa jibu.

Kwa hiyo nikiiandika programu hii, haitatoa jina la spishi peke yake. Itatunza vipimo, vinundu, vitundu na umri wa kila gamba. Ukibakiza jina tu, umeitupa nusu ya habari.

Na habari hiyo ina watu wanaoihitaji. Zaidi ya 80% ya maji ya mito yanayoingia Turkana hutoka Omo, Ethiopia, ambako mabwawa yamejengwa. Anayetaka kujua ziwa litafanya nini maji yakipungua, aanze na lilichofanya zamani. Kumbukumbu ipo, imelala topeni ikingoja msomaji.