Na Albert Ayler Kusini mwa Rufiji

Mimi ni mtu wa Morogoro. Jazi niliyokulia ni ya Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah: gitaa zinajibizana, saksafoni inamwitikia mwimbaji, watu wanainuka kucheza. Kwa hiyo nilipopanda basi kwenda Kilwa, pwani ambayo sikuwahi kufika, nikavaa eafoni kusikiliza albamu ya jazi, Spiritual Unity, nilijua nitakachokisikia. Kumbe sikujua.

Basi lilipopita Mbagala nilikwisha kupigwa na butwaa. Wapigaji ni watatu tu: Albert Ayler kwenye saksafoni, Gary Peacock kwenye besi, Sunny Murray kwenye drams. Hakuna gitaa wala piano. "Ghosts" inaanza kwa wimbo mwepesi ambao hata mtoto angeushika. Mara saksafoni inapasuka, inakoroma, inapiga yowe, na drams hazihesabu mapigo, zinavuma tu. Mguu wangu ulitafuta pa kukanyaga, haukupaona. Hata Daraja la Mkapa hatujafika, albamu imekwisha. Haitimizi nusu saa.

Asubuhi iliyofuata mashua ilinivusha kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani. Nilidhani nitaona vijigofu. Nikasimama chini ya makuba ya Msikiti Mkuu, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, katika mji aliousifu msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Niliduwaa.

Jioni, Masoko, niliirudia albamu bila kutafuta mdundo. Hapo nikamsikia Ayler kama mama anayelia msibani kwetu: anaanza kwa kumtaja marehemu, maneno yanamwishia, sauti inaendelea, na waliomzunguka wanampokea bila kuhesabiwa. Sikushangaa tena kwamba mwaka 1967 Ayler alipiga kwenye mazishi ya mpiga saksafoni John Coltrane.

Albamu hii ilirekodiwa New York tarehe 10 Julai 1964, miezi michache baada ya Muungano wetu. Wahakiki waligawanyika: kuna waliosikia kelele tupu, kuna waliosikia jazi ikifunguliwa kamba. Leo inahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za jazi huru.

Safari iliendelea kusini, na nilipoiona ghuba ya Lindi nilikwisha kuchagua upande. Watu hawa watatu wanasikilizana kuliko bendi nyingi zenye wapigaji kumi. Wenzangu mliolelewa na dansi, msiihukumu kwa mguu. "Ghosts" imepigwa mara mbili, mwanzo na mwisho wa albamu. Vumilieni hadi ile ya pili, ndipo mtoe hukumu.