Bata wangu na mayai 12

Wamama wenzangu, bata wangu alichagua kulalia mayai kando ya mfereji, na mvua ya Uvira tunaijua. Mayai 12, siku 20 zimepita. Humo ndimo ilimokuwa minervali ya binti yangu.

Mchana angerudi kulekule, basi nikangoja usiku. Nilihamisha majani na manyoya yake ndani ya kartoni, kisha mayai, polepole bila kuyatikisa, nikayafunika kwa kitenge. Mwenyewe nilimbeba mwisho. Aliniuma, loo!

Nikamfungia jikoni gizani, maji karibu. Akakataa kulala, akasimama tu. Kila mara nilipapasa mayai: bado yana joto kidogo. Karibu na alfajiri ndipo akayakalia.

Siku ya 35, vifaranga 9. Baba watoto, aliyenicheka, ndiye anayewahesabu kila jioni.