Mwezi Ulipokuwa Ukitufungia Ziwa

Kwetu Lemera, milimani, hatukuhitaji kushuka Uvira ili tupate habari za Ziwa Tanganyika. Tulitazama angani tu. Mwezi ukipevuka, taa za karabai hazimvuti tena ndagala, basi wavuvi walikaa nchi kavu, na huku milimani bei ilipanda. Giza likirudi, magunia nayo yalipanda kupitia Luvungi, ndagala wakavu wangali na mchanga wa ufukweni. Mama zetu waliwapepeta kwenye ungo, mchanga ukaanguka, ndipo ubishi ukaanza: hawa ni wa Uvira, wale ni wa Burundi, wetu ndio watamu.

Ubishi huo umekwisha. Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa CRH, kituo cha utafiti wa viumbe vya majini cha Uvira, walichapisha matokeo ya kupima jeni za ndagala waliovuliwa kaskazini hadi kusini mwa ziwa. Walilinganisha maelfu ya alama za urithi, na hawakuona ukoo wa Uvira, kaskazini, wala wa Mpulungu, kusini. Ziwa lina urefu wa kilomita 673 hivi, na ndagala wote ni wa ukoo mmoja.

Wenzetu wa Marekani wana bahati tofauti. Salmoni hurudi kuzaa katika mto alikozaliwa, kwa hiyo kila mto una ukoo wake. Watafiti wa huko wakikata kipande kidogo cha pezi la samaki aliyenaswa baharini na kupima jeni, wanajua ametoka mto gani, na wanaweza kupumzisha mto huo peke yake. Sisi hatuna mto wa kupumzisha.

Zamani hatukuona haja ya kulipumzisha ziwa. Mwezi ulimpumzisha samaki bila kuuliza mpaka, na vyandarua vilikuwa vya kitandani. Leo vinakokotwa ufukweni, vinazoa hata vifaranga vya samaki, na maji ya ziwa yaliyozidi joto hayapandishi tena chakula cha kutosha kutoka vilindini. Tumepata elimu wakati samaki wanapungua.

Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ni jambo jema, lakini nchi yoyote ikifunga peke yake, inamwekea jirani mboga. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa ziwa hili mwaka 2003. Basi zilifunge siku moja, na zilifungue siku moja.